Nguo Nyeupe Isiyo na Fundo

Hadassa alipokuwa na miaka tisa nilimwomba Mungu amfunge mdomo walau kwa saa moja, na Mungu hakunisikia. Mtoto alikuwa anauliza kila kitu. Kwa nini kuku hana meno. Kwa nini mlima wa kwetu una baridi na Beni kuna joto, na ni safari ya saa mbili tu. Siku moja, katikati ya ibada, aliuliza kwa sauti pasta anajuaje kwamba sisi tumefumbua macho wakati wa maombi, kama yeye mwenyewe amefumba ya kwake. Nilimfinya. Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo.

Ni mtoto wa dada yangu Jokébed, mjane wa Beni, mtaa wa Beu. Mimi ni Solange, mdogo wake Jokébed, kwa hiyo kwa Hadassa mimi ni mama mudogo. Aliletwa kwangu Butembo mwaka ule ambao watu wa Beni walikuwa wanalala wamevaa viatu, tayari kukimbia. Dada yangu alisema atamchukua hali ikitulia. Hali haikutulia vizuri, na mtoto akakulia kwangu, sokoni, kati ya nguo. Mimi nauza nguo za balo, zile zinazotoka ng'ambo zimefungwa kwa mikanda ya plastiki, na nyuma ya duka nina chumba cha kushonea chenye mashini mbili. Kwenye mashini moja anakaa Kavira, fundi aliyekimbia vita ya Kirumba akiwa na mashini hiyo kichwani. Kwenye ya pili anakaa Hadassa, ambaye sasa ana miaka kumi na saba.

Na ana ugonjwa wa hadithi. Kwenye simu yake alipata hadithi za Kijapani kwa Kifaransa, za vijana wanaofuatwa na wafu, wanawake wenye nywele ndefu, visima vinavyoita watu kwa majina. Anazisoma, kisha anatunga za kwake kwenye daftari na kuzihamishia Butembo. Mwaka jana alitunga moja ya msichana mwenye nywele zilizolowa maji anayekaa kwenye choo cha tatu cha shule na kuomba kitana. Wasichana wa shule yake waliacha kwenda kwenye choo hicho, halafu wakaacha vyoo vyote. Mkurugenzi wa shule aliniita bureau kunieleza kwamba watoto mia mbili wanabana mkojo tangu asubuhi kwa sababu ya mpwa wangu. Niliomba msamaha kwa uso wa huzuni. Nilipofika nyumbani nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamwambia anisomee ile hadithi.

Basi, siku ya Jumamosi mwezi wa tisa nilifungua balo mbele ya wateja. Ndani, kati ya masweta, kulikuwa na nguo moja nyeupe ya pamba, ndefu, mikono mipana, bila kifungo hata kimoja. Wateja waliicheka. Mmoja alisema ni kimono ya karate ya mtu mwembamba. Hakuna aliyeitaka, nami nikamrushia Hadassa akate vitambaa vya kufutia mashini.

Hakukata. Aliigeuza ndani nje, kama anavyofanya kwa kila nguo, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga na kukaa nayo muda mrefu.

"Mama mudogo, hii nguo balishona batu bane," alisema.

"Umejua je?"

"Angalia. Huyu iko na mushono mufupi, mutu wa uangalifu. Huyu ni wa mukono wa kushoto, uzi yake inalala upande ingine. Huyu alikuwa na haraka. Na huyu wa mugongoni, mushono yake inapanda, inashuka. Sijui kama alikuwa muzee, ao alikuwa analia."

Niliinama kuangalia. Ilikuwa kweli, mikono minne tofauti kwenye nguo moja. Lakini mimi niliona jambo jingine, na jambo hilo lilinikera. Hakuna aliyefunga uzi. Kila mshono ulikuwa unaishia hewani, uzi umeachwa tu, bila fundo. Mimi katika kazi hii nina sheria moja: uzi unafungwa. Kavira atakuambia jinsi nilivyowahi kufumua mkono mzima wa gauni la harusi kwa sababu ya fundo moja lililosahauliwa.

"Basi bote bane hawajui kazi," nikasema. "Funga."

Hadassa alisita. "Mais, mama mudogo, bote bane wamesahau pamoja? Inawezekana je?"

"Funga, nimesema. Lete nikuonyeshe."

Nikachukua sindano nikafunga fundo la kwanza mwenyewe, shingoni, fundo zuri la mara tatu. Mengine akafunga yeye. Alisema baadaye kwamba yalikuwa thelathini, na langu la thelathini na moja.

Naye alikuwa amekwisha kujua nguo ni ya nani. Dada yangu alikuwa amelazwa hospitali huko Beni, tumbo lake limevimba, na kwenye simu alilalamika jambo moja tu, kwamba nguo ya wagonjwa inafunguka mgongoni na kumwaibisha mbele ya vijana. Hadassa akasema mama yake atavaa nyeupe hii, laini, ndefu, yenye heshima. Akaipiga pasi akaikunja.

Siku iliyofuata jirani ya dada yangu, Mama Malachie, alipiga simu. Alisema daktari amemrudisha Jokébed nyumbani. Hakueleza zaidi, na sisi hatukuuliza zaidi. Mtu anapoingia hospitali amebebwa na kutoka amebebwa, kila mtu anajua anarudi nyumbani kufanya nini. "Anaita mutoto yake," alisema Mama Malachie. "Mumutume mbio."

Jumatatu asubuhi nilimpandisha Hadassa kwenye taxi ya Beni, mfuko wenye nguo nyeupe mapajani. Barabara ilikuwa wazi wiki hiyo, tulikuwa tumeuliza. Nilirudi kwenye kazi yangu na moyo wangu ukatulia kidogo.

Saa tisa mchana alifungua mlango wa ua wangu. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Alinawa, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono miwili.

"Mama, nimefika," alisema. "Njia ilikuwa muzuri. Mama mudogo Solange anakusalimia sana."

Alikuwa ananipa salamu zangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, akiniangalia usoni kwa macho ya mtu anayemwona mwingine. Nilimmwagia kikombe cha maji. Alishtuka, akatazama ukuta, kalenda, sura yangu, kisha akalia, na alipomaliza kulia alifanya anachofanya siku zote. Aliuliza.

"Nilipita wapi?"

Alikumbuka mpaka Maboya. Pale gari lilisimama watu wanunue ndizi, naye akashuka kunyoosha miguu. Baada ya hapo alikumbuka akitembea na kuona Beni iko mbele, soko la Beu, njia ya kwa mama yake. Alikuwa ametembea kurudi Butembo akiamini anakwenda mbele.

Jumanne nikafunga duka nikaenda naye. Nilikaa karibu yake kwenye kiti, mkono wangu kwenye mkono wake. Mimi si mwanamke mwembamba, akitaka kushuka atanibeba. Tulipofika kwenye kona ya Maboya alimwambia dereva asimame, kwa adabu, na kabla sijasema neno akanivuta kama mtoto avutavyo mbuzi. Tukajikuta kando ya barabara. Hapo, mpwa wangu akaweka mikono kwenye mapaja yake na kuinama kiuno, chini kabisa, kwa mtu ambaye mimi sikumwona.

"Unasalimia nani?" niliuliza.

"Koko huyu." Koko kwetu ni bibi, mwanamke mzee. "Unamuona hapana?"

"Iko wapi?"

"Mbele yako kabisa, mama mudogo. Unamukanyaga."

Baba yangu alikuwa shemasi wa kanisa miaka thelathini, nami siamini mambo ya namna hiyo. Lakini niliondoa mguu. Pale nilipokuwa nimekanyaga udongo ulikuwa baridi, baridi iliyopita kwenye ndala mpaka kwenye nyayo, na jua lilikuwa kali. Kisha Hadassa akageuka na kuanza kutembea kuelekea Butembo, macho wazi, na nguvu zangu zote hazikutosha kumsimamisha. Nikamfuata, nikichukua mfuko, nikilia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na barabara, na dada yangu aliyeugua mbali, na huyo koko wa hewani, na mimi mwenyewe bila kujua bado kwa nini.

Alipozinduka, tayari tulikuwa karibu na mji. Akanieleza alichoona. Mwanamke mfupi, kichwa chake kinafika kwenye bega lake Hadassa, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, sura kama ya watu wa zile hadithi zake. Amevaa nguo ya hospitali, ile inayofunguka. Mkono mmoja anaibana kifuani isifunguke, mkono mwingine ameunyoosha, kiganja juu.

"Alikuwa anakufukuza?"

"Hapana. Alikuwa anaomba."

Jioni nilisema nitawaita mama wa chumba cha maombi waje wamfukuze. Hadassa alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama mudogo, mutu anaomba kitu, unamufukuza kabla ya kumuuliza anataka nini?"

Nikarudisha simu mfukoni.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikwenda peke yangu. Nilijiuliza pia. Dada yangu alikuwa anakufa kwa mwendo wa saa mbili tu, nami niko Butembo namlinda msichana anayeinamia hewa. Lakini Mama Malachie alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni, na kila mara aliweka simu kwenye mdomo wa dada yangu, na dada yangu hakuita Solange. Aliita mtoto. Miaka minane alikuwa amenikopesha mtoto wake, na sasa alimtaka.

Jumatano Hadassa akafungua daftari lake la hadithi, ukurasa mpya, akaanza kufanya majaribio kama mwalimu wa sayansi. Aliacha nguo nyumbani akaenda kwa pikipiki. Alirudi kwa miguu. Aliandika: Bila nguo, sikupita. Kisha akampa Kavira nguo na kumwomba aende nayo. Kavira ni mtu wa kimya na mwenye imani. Aliweka nguo chini ya koti lake, akaenda, akapita Maboya, akafika Kabasha, akanunua maparachichi, akarudi kabla ya saa kumi.

"Umeona kitu?" Hadassa alimuuliza.

"Nimeona barabara," alisema Kavira.

Hadassa akaandika: Kavira na nguo, amepita. Akaangalia maandishi yake, akiuma kalamu.

"Donc shida hapana nguo," alisema. "Ni mimi. Kuna kitu mukono yangu ilifanya, ya Kavira haikufanya."

Akageuza nguo ndani nje kwenye meza, sisi watatu tukiiangalia, na nikaona macho yake yanasimama kwenye fundo moja, kisha jingine. Alichukua simu akaanza kutafuta, na kila alichopata alikisoma kwa Kifaransa chini chini, midomo ikitembea. Aliposimulia, sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alisema kuna wazee wa Japani ambao nguo yao ya mwisho inashonwa hivi. Nyeupe. Wanawake wa ukoo wanakaa pamoja, kila mmoja kipande chake, ndiyo maana mikono minne. Na hawafungi uzi. Wanaacha kila mshono wazi kwa makusudi, ili huyo anayeondoka asishikwe na kitu chochote, aende.

"Mais hii haikuvaliwa," nikasema. Miaka ishirini ya balo, najua nguo iliyovaliwa na isiyovaliwa. "Hii ni mpya. Ya zamani, lakini mpya."

"Ndiyo vile," alisema Hadassa taratibu. "Alijitayarishia mwenyewe. Akaiweka kwenye kabati. Akafia hospitali, batoto yake hawakujua. Balichoma mwili na nguo ya hospitali, kwabo banachomaka. Kisha bakasafisha nyumba, bakafunga nguo zake zote, bakatuma." Akaigusa nguo. "Alifuata nguo yake, mama mudogo. Kutoka kule mupaka hapa. Anaifikia, anakuta tumeifunga."

Sikulala vizuri. Fundo la kwanza lilikuwa langu. Mtoto alisita, aliniuliza watu wanne wanawezaje kusahau pamoja, na mimi kwa kiburi cha kazi yangu nikamwambia afunge. Kama dada yangu angekufa mtoto wake akiwa njiani anarudi nyuma, ningekuwa nimefanya hivyo kwa sindano yangu. Nililia kitandani, nasema wazi.

Alhamisi asubuhi, saa moja, tuliketi kwenye chumba cha kushonea mlango ukiwa wazi. Niliweka mkasi mezani, Hadassa akausogeza mbali.

"Ukikata, fundo inabakia," alisema. "Tufungue."

Ukiwahi kufungua fundo la uzi wa pamba kwa ncha ya sindano, utajua ni kazi gani. Kavira alinyoosha kitambaa, Hadassa alifungua. Fundo moja lilichukua dakika tano, jingine kumi. Hakuruka hata moja. Kila moja likilegea alilainisha uzi kwa kidole na kuuacha kama alivyoukuta. Simu ya Beni ililia mara mbili. Mara ya pili Mama Malachie alisema dada yangu hajafumbua macho tangu alfajiri. Hadassa alisikiliza, akajifuta uso kwa bega, akaendelea. Saa tano zilipokaribia alikuwa amemaliza thelathini. Akafika shingoni, akajaribu, sindano ikateleza. Akajaribu tena. Akasukuma nguo upande wangu.

"Hii ni yako."

"Macho yangu hayaoni karibu, unajua."

"Ni yako, mama mudogo."

Nikachukua sindano. Mara tatu nilikuwa nimezungusha uzi ule siku ile, kwa majivuno, nikimwonyesha mtoto. Nilipoinama nilisikia harufu ya sabuni ya hospitali, na nyuma ya shingo yangu pumzi ya mtu mfupi aliyesimama kwenye vidole vya miguu kuangalia ninachofanya. Kavira na Hadassa walikuwa mbele yangu wote wawili. Sikugeuka. Nilisema moyoni, mama, unisamehe, nilidhani ni uzembe. Nilisema kwa Kinande, lugha yetu, sijui kama alielewa. Mzunguko wa kwanza ukafunguka, wa pili, na wa tatu ukatoka wenyewe bila sindano, kana kwamba mtu amevuta upande wa pili.

Tuliwasha makaa kwenye jiko la babula uani, saa tano mchana, majirani wakipita; mwenyewe alipita motoni, basi nguo imfuate huko huko. Tajiri wa balo anachoma nguo nzima, walinitazama kama nimerukwa na akili. Kavira alisema mtu hasindikizwi kimya, hata kama ni mgeni, akaanzisha wimbo wa kanisani kwa Kinande na sisi tukaitikia. Nguo iliwaka haraka. Hadassa aliinama kiuno, mikono kwenye mapaja. Na mimi niliinama, vibaya, mgongo wangu ukilia.

"Wasingya," alisema Hadassa. Asante. Sikumuuliza anamshukuru kwa nini.

Saa sita tulikuwa garini. Kwenye kona ya Maboya nilimshika kwa mikono miwili. Alimwomba dereva apunguze mwendo, akaangalia nje mpaka tulipopita, na uso wake ulikuwa na huzuni kidogo.

"Hata jina yake sikumuuliza," alisema.

Tulifika Beu kabla ya saa tisa. Dada yangu alikuwa kwenye mkeka, amebaki mifupa na macho, na macho yenyewe yamefumba. Hadassa alipiga magoti akamshika mikono miwili. "Mama, nimefika," alisema, yale yale aliyoniambia mimi, na safari hii alikuwa amefika. Jokébed akafumbua macho. Mimi nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa jirani, nikalia kama mtoto.

Aliishi siku nane tena. Hadassa alimsimulia habari yote ya nguo, kwa sababu hajui kuficha kitu. Nilidhani dada yangu, mwanamke wa kanisa, atakemea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, na hapo niliona mtoto alitoa wapi tabia yake.

"Na batoto yake, banajua mama yabo alitembea mupaka huku kwetu?"

"Hapana, mama."

"Maskini," alisema Jokébed. Usiku ule aliwaombea watoto wasiojulikana wa Japani kabla ya kutuombea sisi.

Siku zote hizo nane Hadassa hakuachilia mkono wa mama yake. Alimlisha uji kwa mkono mmoja. Alilala amekaa, mkono ndani ya mkono. Akienda chooni alinipa ule mkono niushike, kisha anarudi kuuchukua. Miaka minane alikuwa ameukosa, nani angemlaumu? Na dada yangu kila asubuhi alikuwa anapumua kwa shida zaidi, na kila asubuhi alikuwa bado yupo.

Siku ya nane, mtoto alipotoka kidogo, dada yangu aliniita kwa jicho.

"Solange. Umutume soko. Nataka samaki ya Kyavinyonge."

"Yaya, hata maji hayapiti. Utakula samaki je?"

Alinitazama. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na jicho lake halizeeki.

"Umutume tu," alisema. "Anashika mukono yangu nguvu sana."

Nilielewa. Ningetaka kusema sikuelewa, lakini nilielewa palepale. Hadassa aliporudi nilimwambia mama yake ana hamu ya samaki wa ziwani. Alifurahi sana. Mgonjwa anayetaka kula ni mgonjwa anayerudi. Akaanza maswali. Mubichi ao wa kukauka? Mukubwa ao wadogo wengi? Wa kwa mama gani, yule wa karibu na kanisa? Dada yangu alijibu kila swali, taratibu, bila haraka, na la mwisho alilijibu akitabasamu. Kisha Hadassa akambusu kiganja, akachukua kikapu, akaenda akikimbia.

Kabla ya nusu saa Jokébed alikuwa ameondoka. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mkono wangu mkekani kando ya wake, bila kuushika.

Hadassa alirudi na samaki wawili wakubwa, akasimama mlangoni. Aliangalia mkeka, akaniangalia mimi. Nilijiandaa kwa maswali yake yote. Alijua? Wewe ulijua? Ni yeye aliyesema nitumwe, ama ni wewe? Nilikuwa na majibu, na yote yalikuwa mabaya.

Aliuliza moja tu.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa naye."

Akaweka kikapu chini, akavua viatu, akaingia.